Msalaba wa Kuti Kule Timbwani

Juu ya mlango wa nyumba yetu ya Mikindani palikuwa na misalaba ya makuti, mmoja kwa kila mtu wa nyumba ile. Mama aliisuka mwenyewe kila Jumapili ya Matawi tukitoka kanisani, ameketi kibarazani na viatu vya kanisani bado miguuni, na hakuna aliyepewa chakula kabla wake haujatundikwa. Wa baba ulikuwa mrefu kupita yote kwa sababu baba mwenyewe alikuwa mrefu. Wangu ulikuwa umepinda. Mama alisema umepinda kwa sababu sikutulia alipokuwa akiusuka. Mimi nilisema umepinda kwa sababu alikuwa akinigombeza huku anasuka. Misalaba hiyo ilikaa pale mwaka mzima ikikauka, mpaka Kwaresima nyingine ilipokaribia. Hapo mama aliishusha yote akaipeleka kanisani ichomwe, na majivu yake ndiyo padri aliyotupaka kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu.

Makuti tulipewa na bibi mmoja jirani, Mwislamu, mwenye minazi nyuma ya nyumba yake. Jumamosi jioni alituita kutoka uani kwake. "Ndooni mtwae makuti yenu," alisema, "na mniombee na mimi. Ila mnazi wangu msinivunjie." Tukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba ndefu, kisha akatuhesabia majani kama anayetoa mahari.

Baba alikuwa mtu wa kushika moto upesi. Alifanya kazi bandarini, na kitu alichokipenda alikipenda mpaka sisi tukakosa pa kukaa. Kwanza walikuwa njiwa. Aliwajengea banda, akawapa majina, akawa anakula huku amewakodolea macho. Kabla ya masika kurudi alikuwa amekwisha kuwasahau, na mama akawapika mmoja mmoja. Likaja gitaa. Ikaja pikipiki kuukuu iliyotengenezwa sebuleni na isiyotengenea kamwe. Gitaa nililikuta baadaye nyuma ya kabati, halina hata uzi mmoja, na pikipiki ikahamia uani ikawa pa kuanikia nguo. Lakini nisimsingizie. Baba alipokuwa anapenda kitu, hapakuwa na mtu mtamu wa kukaa naye kama yeye. Alicheka, alitubeba mabegani, alituletea kaimati zikiwa bado za moto. Tulionja sehemu yetu ya mapenzi ya njiwa.

Halafu akapenda dansi, na kwenye dansi akampenda mwanamke wa Timbwani, kule Likoni ng'ambo ya feri.

Aliondoka katikati ya miaka ya themanini, siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi. Alisimama mlangoni na sanduku lake, shati alilovaa limepigwa pasi na mama huyo huyo anayeachwa. "Mama watoto," akasema, "nisikudanganye. Moyo wangu hauko hapa tena."

"Sikukuuliza moyo," mama akamjibu. "Nakuuliza kiapo. Hicho nacho kiko wapi?"

Baba aliinamisha kichwa kidogo apite, kama alivyofanya siku zote asije akaigusa misalaba, ingawa ilikuwa imekwisha kushushwa.

Sisi watoto hatukulia sana. Tulijiambia atachoka naye, kama alivyochoka na njiwa. Jumapili ile mama alikaa kibarazani akasuka, na wa baba akausuka mrefu vile vile, akautundika mahali pake. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walipokuja kusali kwetu Alhamisi, mmoja wao aliutazama akashindwa kuvumilia.

"Mwenzetu, huyo hayuko. Unamsukia nani?"

"Mimi sikuapa mpaka atakapochoka yeye," mama akasema. "Haya, fungueni Biblia."

Mimi nilikasirika. Lau ningeufikia, ningeupeleka jikoni nikauwashie moto wa uji. Na kila zamu ya sala ilipofika nyumbani kwetu nilikasirika zaidi, kwa sababu mama alianza namna moja tu: "Kwa ajili ya baba wa nyumba hii, na kwa ajili ya aliye naye." Baba ningeweza kumeza. Huyo "aliye naye" alinikwama kooni. Mama aliuza mahamri na mbaazi kibarazani alfajiri, akafua nguo za watu mchana, mikono ikachubuka kwa sabuni, kisha jioni anamwombea mwanamke anayekula jasho la mume wake! Nilimwambia hivyo wazi wazi. Akaniambia nikachote maji.

Miaka ikaenda hivyo. Baba alituma kitu mwanzoni, halafu akaacha. Kaka yangu akaoa, mimi nikapata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha Changamwe, na bibi wa makuti akaanza kutembea na mkongojo. Msalaba mrefu ulishuka ukachomwa, ukasukwa upya, ukachomwa tena.

Miaka ya tisini ilikuwa imeshaanza baba aliporudi. Ilikuwa Jumapili mchana. Aliingia na sanduku lile lile, ameinama kidogo mlangoni, na nywele za pembeni zimeshika mvi. Mama akamwekea ugali na samaki. Alikula, akanawa mikono, ndipo akaeleza. Yule mwanamke anaumwa. Amekonda, anakohoa, hawezi kusimama peke yake, na majirani wameanza kupita mbali.

"Siwezi kumtazama," baba akasema. "Si yule niliyemjua mimi. Nimerudi kwangu."

Mama alikuwa akikusanya vyombo. Akaacha. "Nani anampa maji?"

Baba akageuza uso akatazama uani, ilipokuwa pikipiki.

"Nakuuliza wewe. Sasa hivi, ukiwa hapa unachokonoa samaki wangu menoni, nani anampa maji ya kunywa?"

Alimpa baba kitanda cha kaka yangu, kwenye chumba cha nje. Kesho yake akafunga sufuria ya uji kwa kitambaa, akavuka feri akaenda Likoni.

Niliona hiyo si dini tena, ni wazimu. Nilidhani atakwenda mara moja, apate thawabu, arudi. Akaenda tena. Akawa anakwenda kila alipomaliza mahamri, na baba anabaki kibarazani akinung'unika kwamba chai imechelewa. Siku moja nilimfuata, nikijiambia nakwenda kumsaidia mama kubeba ndoo. Kweli yenyewe nilitaka kumwona huyo mwanamke. Nilitaka nimwone amekuwaje.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ya kupanga, mlango umeangalia choo. Ukutani palining'inia gauni la dansi, jekundu, lenye marinda, na chini yake alilala mtu ambaye gauni lile lingemfunika mara mbili. Sikuona adui niliyekuja kumtafuta. Nilimwona mwanamke wa umri wa dada mkubwa, macho makubwa, akijaribu kuvuta shuka afunike miguu yake kwa aibu.

Mama akakunja mikono ya blauzi, akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akaanza kumwosha. Yule mwanamke akalia bila sauti.

"Dada, mimi nilikukosea."

"Najua," mama akasema. "Inua mkono."

Akainua. Mama akamwosha kwapani, akamkausha, akampaka mafuta kama alivyotupaka sisi kabla ya shule. Baadaye, akinywa uji kwa kijiko, mgonjwa akasema alibatizwa akiwa mdogo, kwao bara, lakini siku nyingi hajakanyaga kanisani, hajui kama ubatizo ule bado unafaa.

"Ule hauchakai," mama akamwambia. "Meza kwanza."

Tulipokuwa tukirudi kivukoni nilimuuliza mama kama anampenda mtu yule. Alinijibu tukiwa tumekwisha kupanda feri. "Siku ya kwanza sikumpenda," akasema. "Nilikwenda kwa hasira zangu zote. Nikamwosha hivyo hivyo, na hasira zangu." Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mapenzi ni yale ya baba, yanayoanza kwa kelele na kujaza nyumba. Haya ya mama yalikuwa yananuka dawa ya kuoshea sakafu, na yalikuwa yanamchosha mpaka analala ameketi. Ila yalikuwa yanakwenda Timbwani, na yale mengine yalikuwa yamekaa kwenye chumba cha nje yanangoja chai.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Mama akasuka misalaba kibarazani, baba ameketi pembeni. Ya nyumba nzima ilipokwisha kutundikwa akachukua jani jingine akaendelea.

"Huo wa nani?" nikauliza.

Baba alielewa kabla yangu, maana aliinuka akaingia ndani. Jioni hiyo mama aliutundika juu ya mlango wa chumba kile cha Timbwani, upande wa ndani, ili mgonjwa auone akiwa amelala. Mama aliniambia baadaye kwamba mgonjwa alikuwa akiutazama muda mrefu, na mara moja alicheka akasema mbona umepinda kama mwenyewe.

Yule mwanamke alifariki kabla ya mvua za vuli. Padri mmoja wa Likoni alimpa sakramenti, mama amemshika mkono. Maziko yalikuwa na watu wachache: wanawake wa jumuiya yetu, mwenye nyumba, mimi. Wanawake wale wale, pamoja na yule aliyeuliza mama anamsukia nani, ndio walioimba. Baba hakuja. Alisema hakupata ruhusa kazini. Niliporudi nyumbani nilimkuta kibarazani anafunga nyuzi mpya kwenye gitaa.

Kwaresima ilipokaribia mama akaishusha misalaba yetu, akaifunga kwenye leso, kisha akavuka feri mara ya mwisho. Chumba kile kilikuwa kimepangishwa kwa kijana mmoja wa Kidigo na mkewe. Mama alibisha hodi akaeleza alichofuata. Yule mke akaingia akautoa, bado mzima.

"Tuliukuta, mama, tukauacha," akasema. "Kitu cha dini ya mtu hakitupwi."

Tuliichoma nyuma ya kanisa kwenye karai, mama na mimi, pamoja na makuti ya watu wengine wa parokia. Ule uliopinda wa Timbwani aliuweka juu ya ule mrefu wa baba. Iliwaka mara moja, ikaisha. Mama akachekecha majivu kwa chujio la chai mpaka yakawa laini, akayatia kwenye kibakuli cha padri.

Jumatano tukapanga foleni. Baba alikuwa mbele yetu, suruali imenyooshwa, kichwa juu ya vichwa vya wote. Padri akachovya kidole akampaka, akamkumbusha kwamba yeye ni mavumbi. Nikamtazama mama. Alikuwa anamtazama baba kwenye paji la uso, na machozi yanamtiririka, hayafuti. Ndipo nilipotambua kwamba mwanamke yule, kwa majivu ya msalaba wake, amempata baba tena, na baba hajui.

Jua lilikuwa kali tulipotoka. Hata getini hatujafika, baba akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta jasho usoni na majivu yote, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Mama alilala na majivu yake usoni. Asubuhi foronya yake ilikuwa na doa la kijivu. Nikanyoosha mkono niichukue nikaifue pamoja na nguo nyingine, mama akasema hapana, hiyo ataifua mwenyewe.