Mguu wa Klachi

Mtaa mzima ulimwita Dizeli, na jina hilo alilipata kihalali. Kila jioni alirudi nyumbani akinuka dizeli, grisi imemganda viganjani, na mama yake, mshonaji aliyeweka cherehani barazani, alimzuia mlangoni kabla hajagusa nguo ya mteja.

"Simama hapo hapo! Hivi wewe nilikuzaa au nilikuokota gereji?"

Dizeli alicheka tu. Alikuwa msichana wa miaka tisa, meno ya mbele yamepishana, na dunia yake yote ilikuwa trekta moja jekundu, kuukuu, lililolima shamba kubwa ng'ambo ya barabara. Dereva wake alikuwa mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, mwanamume mrefu mwenye maneno machache ambaye hakujaliwa mtoto. Shule ikiisha, Dizeli alitoka mbio hadi banda la mashine. Alimshikia mjomba tochi, akamchagulia spana, na siku ambazo msimamizi hayupo aliketishwa kitini akashika usukani. Mjomba alimfundisha taratibu, kama anavyofundishwa mtu mzima: mguu wa kulia ni wa breki, wa kushoto ni wa klachi, na bila klachi hubadilishi gia. Miguu yake ilikuwa bado inaning'inia hewani, lakini kila mmoja alishaupangia kazi.

Balaa lilianza kama mchezo. Mjomba alikuwa ameiweka plau, lile jembe la kukokotwa na trekta, nje ya banda, diski zake za chuma zimetoka kunolewa, na alikuwa amemkanya asiisogelee. Alipoingia ndani kutafuta kopo la grisi, Dizeli akapanda juu ya plau ili aone vizuri. Akateleza. Diski ikamchana juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto.

Hakulia. Alijua akilia mjomba atajua, mjomba akijua mama atajua, na mama akijua, banda lile atalisikia kwa jina tu. Aliokota tambara la kufutia mashine, akafunga kidonda, akavuta soksi juu, akaaga kama kawaida.

Aliendelea hivyo hivyo, akilala na soksi, akioga kwa kujificha. Akichechemea alisema amejikwaa. Homa ilipompanda, mama alimpa dawa ya mafua. Mpaka asubuhi moja mama alipotandika kitanda akasikia harufu, akaivuta ile soksi, na yowe alilopiga liliwatoa majirani nje.

"Umejikata na nini?" aliuliza njiani kwenda hospitali, amempakata mtoto kama kichanga.

"Chupa," alisema Dizeli. "Niliikanyaga barabarani."

Daktari alimvuta mama pembeni, ila si mbali vya kutosha. Sumu ilikuwa imepita goti. Wakichelewa kuukata mguu, alisema, watampoteza mtoto mzima. Mama aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya ruhusa kwa sababu mkono ulikataa kushika kalamu.

Dizeli alipozinduka, alimkuta mama ameketi kando ya kitanda, macho yamevimba, na mjomba amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Mama, wamekata upi?"

"Wa kushoto, mwanangu."

"Wa klachi," alisema, kisha akageukia ukutani. Mjomba akatoka nje.

Nyumbani, maisha yalianza upya kama kwa mtu aliyehamia nchi asiyoijua lugha yake. Magongo yalimchubua kwapa. Ndoo aliyokuwa akiibeba huku akiruka sasa ilikuwa mlima. Choo cha shule kilikuwa na sakafu inayoteleza, kwa hiyo aliacha kunywa maji asubuhi. Wenzake waligombania kujaribu magongo yake wiki ya kwanza. Yalipowachosha, walirudi kwenye mpira wao wakamwacha darasani na madawati. Na lililomtisha kuliko yote ni mguu wenyewe, ambao haukukubali kuondoka.

"Mama, nikune. Unyayo unaniwasha."

"Upi, mwanangu?"

"Ule."

Mama alikuwa hajui afanye nini. Akakuna shuka, pale ambapo unyayo ungekuwa, huku akiuma mdomo asilie.

Mjomba ndiye aliyekuja na wazo. Siku moja isiyo ya kazi alimbeba mgongoni hadi bandani, akamketisha kwenye kiti cha trekta. "Trekta limeuliza habari zako," alitania. Dizeli akashika usukani. Harufu ile ile, kiti kile kile kilichopasuka upande mmoja. Akaweka mguu wa kulia mahali pake. Ulikuwa umerefuka, uligusa breki. Kisha mwili wake, bila kumwuliza, ukataka kukanyaga klachi. Kisiki cha mguu kikanyanyuka kidogo ndani ya gauni, kikatulia.

Akaachia usukani.

"Kuna mashine za siku hizi," mjomba alisema haraka, "kila kitu ni mkono. Ukikua..."

"Usinidanganye, mjomba."

"Sikudanganyi."

"Hii siyo ya mkono. Mimi nataka hii." Na hapo, labda kwa hasira, labda kwa kuchoka kubeba peke yake, likamtoka: "Haikuwa chupa. Ilikuwa diski. Nilipanda plau ulipokwenda kuchukua grisi."

Mjomba alishika madigadi ya gurudumu kama mtu anayetafuta pa kujizuia. Hakumgombeza. Alimbeba wakarudi nyumbani. Barazani alimweleza dada yake yote, wima, kabla hajakaribishwa kiti.

Cherehani ilisimama. "Mwanangu ameoza mguu na wewe unamwona kila siku?"

"Sikujua, dada."

"Ulikuwa unaangalia nini? Toka, kaka. Toka kabla sijasema la kutosameheka."

Akatoka, na hakurudi. Dizeli aliyekuwa amepoteza mguu akawa amempoteza na mjomba, na lile la pili alijua amelifanya kwa mdomo wake mwenyewe. Jioni alisikia trekta likipita barabarani. Akasubiri lipunguze mwendo. Halikupunguza. Akaacha kula vizuri, akaacha kujibu, na mguu wa bandia ulipoletwa aliutazama kama kiatu cha mtu mwingine. Ulimbana, ukamtoa malengelenge. Aliuvaa kwa kulazimishwa, akauvua mama akigeuka.

Mama alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishowe akatupa kanga begani, akavuka barabara mwenyewe. Waliyosemezana huko hakuna aliyeyajua, ila alirudi na kaka yake nyuma, amekonda, anatembea kama mgeni. Aliketi kizingitini.

"Habari yako, Dizeli."

"Nzuri." Alimtazama mikono. Ilikuwa safi, kucha hazina hata chembe ya grisi. "Mbona hunuki?"

Mjomba akaitia mikono mifukoni. "Nimeacha kuendesha. Niliomba wanihamishie stoo. Nagawa mbolea."

"Kwa nini?"

"Siwezi kuzitazama zile diski, mpwa wangu. Nikiziona, mikono inakufa ganzi."

Uso ukamkunjamana Dizeli.

"Mimi ndiye niliyekatwa," alisema, "na bado nazitaka. Wewe una miguu yote miwili!"

Mjomba aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na mama, ambaye hakuwa amemwona kaka yake akilia tangu wazike wazazi wao, akaenda jikoni kuchemsha chai kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Dizeli alijiburuta sakafuni hadi kizingitini, akaketi karibu naye, si karibu sana. Kule shambani dereva mpya aliingiza gia bila kukanyaga klachi, trekta likakwaruza kwa sauti ya kuumiza meno. Wote wawili walisikia. Hakuna aliyeinua kichwa.