Msusi Akataa Kufichwa Uso

Msusi alichelewa kulipa mkopo aliouchukua kwa simu, na kampuni iliyomkopesha ikawatumia watu wote ambao namba zao zilikuwa kwenye simu yake ujumbe kwamba ni mwizi. Wateja wakaadimika saluni. Siku watu wa kampeni ya kuwaonya watu kuhusu mikopo kama hiyo walipokuja kumpiga picha ya bango, walimwahidi kuuficha uso wake.

"Muufiche kwa nini? Kwani nimeiba?"

Dada yake akamvuta mkono. "Wewe, utatutia aibu mtaa mzima!"

"Aibu walishaisambaza wale wa kampuni ya mkopo, dada, wala hawakuniuliza."

Akavua kitambaa kichwani, akamkazia macho mpiga picha.

"Piga. Na jina la saluni liandikwe kwa herufi kubwa, anayeniita mwizi ajue pa kunipata."