Maneno Chini ya Picha

Tovuti ya mtaa wetu wa Muyeye niliitengeneza niliporudi kutoka Tanga, nimechoka kuhamahama lakini si kuchoka kabisa. Mfumo wake ni mwepesi: unaandika kichwa, unaweka picha, unabonyeza, tangazo linatoka. Chini ya kila picha kuna kisanduku cha kuieleza kwa maneno. Sikuwahi kukijaza.

Mama mdogo, aliyenilea, alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru taratibu. Simu yake ilimsomea maandishi kwa sauti, na kila asubuhi baada ya chai aliisikiliza tovuti yangu.

Kwetu siku hizi mtu akifa, tangazo hupambwa: sura ya marehemu, maua pembeni, saa ya maziko, vyote ndani ya picha moja. Siku moja nikiwa Kilifi nilitumiwa tangazo la kifo cha shoga yake mama mdogo wa tangu utotoni. Nililiweka papo hapo, nikaamini habari imemfikia. Wafiwa nao walidhani nimemwambia mimi.

Maziko yalikuwa adhuhuri. Alasiri niliingia kwake, nikamkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Pole ya nini?"

Nilipomwambia, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha akaitafuta simu, akaifungua tovuti. "Picha," simu ikasema, ikataja tarakimu nyingi, ikanyamaza.

"Hii niliisikia asubuhi," alisema. "Huzisikia kila mara. Nilidhani waweka mapambo."

Niliichukua simu, nikakitazama kisanduku kitupu chini ya picha.

"Nilitaka nimshike uso kabla hawajamtoa. Nimtake radhi."

Wiki ile nilikuwa nimepanga kwenda Lamu. Sikwenda. Niliketi mkekani kwake nikajaza visanduku vyote, tangazo kwa tangazo, yeye akisikiliza na kunisahihisha.

"Vijana wa mpira wamesimama," simu ilisoma.

"Wamesimama tu? Wameshinda ama wamefungwa? Umezunguka miji yote hiyo, kusimulia hujui!"

Vitufe navyo havikumpendeza. "Bonyeza hapa, bonyeza hapa. Hapa wapi, na nikibonyeza napelekwa wapi?" Nikaandika kila kitufe kinakokwenda. Matangazo ya msiba niliyaandika upya kwa maneno: nani, nyumba gani, saa ngapi. Na wale wanaonitumia picha nikawaambia kwamba bila maneno siweki.

Miezi ikapita. Asubuhi moja alifariki jirani yetu wa zamani, bibi aliyewahi kumfundisha mama mdogo kushona kofia. Niliweka tangazo, nikatoka mbio kwenda kumpa habari kwa mdomo wangu.

Nilimkuta kizingitini, ameshavaa buibui na viatu, kikombe cha chai kimeachwa nusu.

"Nishasikia," alisema, akanyoosha mkono kutafuta kiwiko changu. "Twende. Hawatamtoa kabla ya saa saba."