Kabati Lisilo na Rafu ya Tatu

Usiku kucha kifua cha mwanangu kililia kama filimbi, nami nikilia naye, na kulipokucha tu nikakimbilia zahanati, kanga nimeivaa kinyume.

"Shikamoo, bwana mganga, mtoto hapumui vizuri!"

"Marahaba. Dawa ya kifua ya watoto hukaa rafu ya tatu," mgawa dawa akasema, kidole juu ya waraka. "Zahanati zote, Lugoba mpaka Kiwangwa, zimeamriwa kupanga sawasawa. Kabati letu lina rafu mbili. Kwa hiyo haitolewi."

"Si ile chupa pale dirishani?"

"Ile bado haina mahali, mama. Tunamngoja seremala."

Seremala! Mtoto akakohoa. Nikamwomba mgawa dawa anyanyuke, nikaivuta stuli yake hadi chini ya kabati, nikachukua chaki mezani pake, nikaandika juu ya stuli: RAFU YA TATU. Akaitazama, akautazama waraka, akaiweka chupa juu ya stuli, kisha akaichukua tena, akanimiminia dawa.

Mtoto sasa anacheza. Mgawa dawa anafanya kazi amesimama, maana rafu haikaliwi. Aliniomba nisiseme, nikaapa. Basi wasomaji, nyie ndio wa mwisho. Simwambii mtu mwingine.