Sauti ya Pili Maktabani Kisugu

Rashidah Abdul-Latif alikuwa ameuza vitambaa miaka kumi na tisa kabla sauti yake haijampatia kazi nyingine. Ilikuwa sauti nzito na tulivu, ya wale kina mama wa Kinubi wanaoweza kumwita mtu aliye mtaa wa pili bila kupiga kelele. Mwaka ule maktaba ya jamii ya Kisugu iliposhirikiana na chama cha wasioona, Ochan, mkuu wa maktaba, alimfuata dukani akamwomba awasomee wanachama.

Mambo yalikuwa mengi maktabani mwaka huo. Wauguzi walikuja kila mwezi kupima watu presha barazani, wanawake walijifunza kusoma siku za Jumatano, na Jumamosi watoto walijaa mpaka madirishani. Kazi ya Rashidah ilikuwa ya pembeni. Kila Jumatatu asubuhi aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaweka simu mezani imrekodi, akasoma riwaya kwa sauti. Ochan alizihamishia rekodi hizo kwenye flashi, jioni Rashidah mwenyewe akazigawa kwa wasikilizaji kumi na mmoja, kila mmoja na redio yake ndogo, na Jumanne akapita kuzikusanya.

Wa kwanza alikuwa Mzee Opoka wa Naguru, afande mstaafu ambaye ugonjwa wa sukari ulimnyang'anya macho. Wiki ya tatu alimuuliza, "Madamu, huyu mama unasoma naye ni nani?"

"Nasoma peke yangu, Mzee."

"Hapana. Mimi nasikia watu mbili. Wewe ukivuta pumzi, yeye anashika."

Rashidah alicheka, akaona ni uzee. Saa moja baadaye alikuwa Ntinda kwa Sumayiya, msuka vikapu aliyezaliwa haoni. Sumayiya na Opoka hawakuwahi kukutana. Sumayiya alimrudishia flashi akasema, "Nisalimie dada mwenzako. Anasoma vizuri, ila kila 'r' kwake ni 'l'."

Safari hii Rashidah hakucheka.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Koo lilikuwa limemkauka, na riwaya ilikuwa nene, habari za mshona viatu na ndugu zake. Alipofika sura ya tisa aliiruka akaingia ya kumi. Nani angejua? Kitabu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mkobani mwake.

Jumanne Mzee Opoka alimrudishia flashi mlangoni. "Ile ya kumwosha ndugu yake," alisema, "imeniumiza. Kumwosha mtu ambaye mligombana."

Rashidah alifungua mkoba palepale mlangoni, akatafuta sura ya tisa, ambayo hata yeye hakuwa ameisoma. Mshona viatu alikuwa anamwosha marehemu ndugu yake, peke yake, kwa maji ya vuguvugu.

Alimwendea Ochan. Waliisikiliza ile rekodi pamoja, mara mbili. Sura ya nane ikaisha, Rashidah akakohoa, sura ya kumi ikaanza. Hapakuwa na kingine.

"Umechoka na saumu," Ochan alisema kwa upole.

Jumatatu iliyofuata alisoma mpaka zikabaki sura mbili. Kisha akakilaza kitabu wazi mbele ya simu inayorekodi, akatoka, akaketi barazani katikati ya watu waliosubiri kupimwa presha, macho mlangoni. Hakuingia mtu. Ochan alipoisikiliza rekodi alikuta mwishoni dakika arobaini za ukimya, akataka kuzifuta.

"Iache hivyohivyo," Rashidah alisema.

Kesho yake jua lilikuwa kali Naguru, sare za polisi za majirani zimeanikwa kwenye kamba. Mzee Opoka hakumkaribisha kiti.

"Kitabu kiliisha vizuri. Lakini baada ya kuisha, yule mama hakunyamaza."

"Alisema nini?"

"Alisema amesoma muda mrefu, amechoka. Anaomba na yeye asomewe."

Rashidah alirudi kumweleza Ochan. Ochan alimwambia wangeweza kuuacha mpango huo, chama kingeelewa. Siku kadhaa aliiwaza ruhusa hiyo kwa hamu. Kilichomrudisha ni jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kuchoka, akakosa wa kumwambia.

Jumatatu ya kwanza baada ya Ramadhani aliingia na kitabu kipya. Akasema Bismillahi, akaanza. Chumba kilikuwa baridi kuliko baraza. Upande wake wa kushoto, karibu na sikio, alihisi kile anachohisi mtu anapoinamiwa na mwenziwe anayetaka kuona kilichoandikwa. Hakuinua macho. Alisoma polepole, kila neno, saa nzima.

Jumanne Sumayiya alimpokea mlangoni.

"Jana ulisoma peke yako."

Rashidah alishusha pumzi.

"Ila kila ukimaliza ukurasa," Sumayiya aliendelea, "kuna mtu anaitikia: ee. Kama mtu anayesimuliwa hadithi akiwa amelala."

Rashidah alikaa kizingitini, na Sumayiya akampa maji, kisha akaendelea kusuka. Hawakulizungumza tena. Mpaka Desemba Rashidah alikuwa amesoma vitabu saba, na kila mwisho wa ukurasa, kabla hajafunua mwingine, alitulia kidogo.