Scotch ya Mama Émerance

Siku ya kwanza Amadi alipoingia katika duka la Émerance pale Kamalondo, hakuuliza bei. Émerance alitoka Butembo na sanduku moja la chaja za simu, na leo ana duka la milango miwili; alijua mteja asiyeuliza bei amekuja na mpango wake.

Amadi, mpiga picha wa arusi, alitaka déclencheur: vidude viwili, kimoja kinakaa juu ya kamera, kingine chini ya flashi. Ukibonyeza kamera huku, flashi inawaka kule mwisho wa ukumbi, bila waya. Waya wake wa zamani ulikuwa umemwangusha shemeji wa bwana arusi pamoja na keki ya ghorofa nne, na tangu Jumamosi hiyo akina mama wa kwaya walimpigia simu Faustin, mpinzani wake. Arusi moja tena ikiharibika, Amadi angebaki kupiga picha za paspoti.

"Mama, kwanza tu-essayer," akasema Amadi, akitaka kuvijaribu.

Akamshikisha fundi cherehani wa jirani flashi, yeye mwenyewe akarudi nyuma barabarani akihesabu hatua za kutoka mlangoni mwa ukumbi hadi kwa maharusi. "Toka ku mulango ya sale mpaka ku kiti ya ba mariés, iko hatua makumi ine na mbili!" Kila flashi ilipowaka, watu walisimama. Muuza mikate aliweka beseni chini akanyoosha kitambaa chake. Mwenye baiskeli ya makaa aligeuza upande wa uso anaoupenda. Baada ya nusu saa watu saba walikuwa mlangoni wanadai picha zao, na hakuna hata mmoja aliyenunua betri.

Siku tatu mambo yakawa hayo. Vidude vya kwanza vilikuwa na kioo na taa za rangi. Amadi aliposikia bei, alivirudisha mezani taratibu kama mtoto wa wenyewe. Vya pili vilikata tamaa kwenye hatua ya thelathini. Vya tatu, vya bei ya chini, viliwaka hata kutoka nyuma ya ukuta wa kiwanda cha mikate.

"Mama, hii inapita mu ukuta!"

"Sasa unataka nini ingine? Ikupikie bukari?"

"Na hii canal, namba moja mpaka kumi na sita, iko ya kazi gani?"

Émerance hakujua. Lakini kukaa kimya mbele ya mteja ni kumwonyesha mlango. "Ile ni ya bantu ba Ulaya. Shiye tunatumikishaka ya kwanza."

Wakapatana bila pesa kutoka mfukoni. Glodie, binti wa dada yake Émerance, alikuwa anaolewa mwezi huo. Amadi angepiga arusi yote na kutoa albamu, na vidude viwe vyake. Émerance alihesabu haraka akaona amemshinda mara nne. Kilichobaki ni garantie, yaani dhamana.

"Miezi sita. Lakini sikia muzuri." Akavifunga nailoni na scotch, ule utepe wa gundi, kama alivyofunga kila kitu dukani, kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi. "Ukitosha hii scotch, garantie inakufa."

Kila mteja hatimaye aliibandua, na hivyo hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kitu. Wiki ileile alimuuzia Faustin vidude vya namna ileile, bei kamili, scotch ileile.

Jumamosi ya arusi ya Glodie ikafika. Mwenye ukumbi alikuwa ameukata katikati kwa mbao nyembamba ili aingize arusi mbili siku moja. Émerance alikaa mbele. Katika ukoo wao bibi arusi hacheki siku hiyo. Akicheka, wakwe watasema ana haraka ya kuwakimbia wazazi wake. Glodie aliinamisha uso kama mtu aliyefiwa, na mashangazi waliridhika.

Flashi ikawaka. Amadi alikuwa anajifuta jasho, kamera inaning'inia shingoni. Ikawaka tena. Mjomba Stéphane, kuku mdomoni, aliacha kutafuna, akanyoosha tai na kutabasamu. Ikawaka mara tano, naye akatabasamu mara tano.

"Amadi, unapiga nani?"

"Si miye, Mama! Inajipiga yenyewe!"

Zikaja pete. Amadi akabonyeza: giza. Flashi ilikuwa imetoka kuwaka bure, inakusanya nguvu upya. Mabega ya Glodie yakaanza kutikisika.

Émerance akasikia matusi nyuma ya mbao, akapita upande wa pili. Huko alimkuta Faustin, mpiga picha wa arusi ya pili, amepiga magoti, anaitukana flashi yake kwa Kifaransa. Ikammulika Faustin usoni, naye hajabonyeza kitu. Wakati huohuo, nyuma ya mbao, Amadi alisikika akilia, "Giza tena!"

Hapo Émerance akaelewa kazi ya zile namba kumi na sita: vidude vya wote wawili vilikuwa kwenye namba moja, na kila kamera iliwasha flashi ya mwenzake. Alirudi mbio.

"Amadi, tosha scotch. Bidude byote bibili, weka ku namba mbili."

"Nitoshe? Garantie yangu ife?"

"Bantu banavalishana pete!"

"Basi bavalishane. Mama, weye njo ulisema."

Émerance alimtazama. Siku tatu dukani, kijana alikuwa amejifunza.

"Garantie ibakie," Amadi akasema. "Miaka mbili. Na uandike."

"Miezi kumi."

Flashi ikawaka. Mjomba Stéphane akatabasamu.

"Miaka mbili," Émerance akasema. Akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko, Stéphane akatia sahihi na mafuta ya kuku, kisha Émerance mwenyewe akachana scotch kwa meno na kuviweka vidude kwenye namba mbili. Pasta alikubali pete zivuliwe zivalishwe upya. Glodie akainua macho, akamwona mama yake mdogo na kipande cha scotch kimeshika kwenye perruque, wigi lake. Akacheka, meno yote nje. Amadi akabonyeza, na safari hii mwanga ulifika.

Mama mkwe aliikataa picha ile katika albamu. Émerance akaikuza, akaitundika dukani. Akina mama wa kwaya wakarudi kwa Amadi, kila mmoja akinong'ona kwamba binti yake hatacheka, ila akicheka kwa bahati mbaya, acheke vile.

Faustin alifika Jumatatu, scotch haijaguswa, akidai karatasi kama ya mwenzake. Akaipata.

Mwezi wa pili baada ya arusi, Amadi alileta kidude kilichoanguka katika sufuria ya sombe, yaani kisamvu, pamoja na kadi yenye mafuta. Émerance alikinusa. Akaisoma kadi mbele na nyuma, akitafuta tundu la kutokea. Hakuliona, kwa maana alikuwa ameiandika mwenyewe. Akampa kipya, akakiweka kwenye namba mbili, na scotch akaiacha mezani.