Gari Lililogoma Kuzima Msibani

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na hata leo nikizima gari huwa nasubiri kidogo nisikie kama limekubali.

Nilikuwa kijana wa gereji Moshi mjini, miaka ile magari ya mtumba ya Japani yalipoanza kumiminika kama kumbikumbi. Bosi wangu, Fundi Salumu, alikuwa na pikapu yake. Ukifungua boneti unakuta mipira ya hewa imejikunja, mingi! Ungeiunga ungefika Himo, ukarudi, na ikabaki ya kuanikia nguo. Salumu akaenda Bomang'ombe kutafuta spea, akaniambia nibadilishe plagi tu. Plagi tu! Mimi niliyeshaota ndevu tatu? Nilisikia hiyo mipira ni ya kupunguza moshi. Nikacheka: sisi mji wenyewe unaitwa Moshi, tupunguze wa nini?

Nikaing'oa, matundu nikayaziba kwa boliti. Ubavuni mwa kabureta palikuwa na kidude chenye waya, kazi yake kukata petroli ukizima swichi. Sikuijua kazi hiyo. Nikakitoa utumbo, nikarudisha ganda. Gari likavuta, mwanangu, nikaogopa litaparamia Kibo.

Kabla Salumu hajarudi, wakaja watu wa msiba. Mzee Aminieli amefia mjini, anarudishwa Old Moshi akazikwe kihambani kwake, kwenye migomba yake. Nikajitosa. Jeneza nyuma, mimi kwenye usukani, tukapanda mlima injini inachemka kama sufuria ya makande.

Juu, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ndani ya migomba. Watu walionekana nusu nusu: huyu kichwa, yule mabega. Nikasimama uani, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikashuka.

Injini haikuzima.

Kwaya ya msiba ikakatiza wimbo. Gari linatetemeka lenyewe, linakohoa kama mtu mwenye kifua, na nyuma jeneza linagonga bodi: ko, ko, ko. Ufunguo uko mkononi mwangu, kila mtu anauona.

Mama mmoja akasema polepole, "Hataki kushuka."

"Atashukaje?" mwingine akadakia. "Si ndugu yake yupo hapa!"

Macho yote yakamgeukia Mzee Elifuraha, mdogo wa marehemu. Wawili hao hawakusalimiana tena tangu Elifuraha ang'oe masale ya mpakani, ile mimea tunayopanda kutenganisha vihamba, akajisogezea ardhi ya kaka yake; na wapo waliosema ugomvi huo ndio uliomuua.

"Toka, muuaji! Ukitoka atashuka!" Kijana mmoja alishainua jembe la kaburi.

Na mimi? Mimi niliyeweza kupiga soga hata na kondoo, ulimi ukawa mzito kama gunia la kahawa. Nilikikumbuka kile kidude nilichokitoa utumbo, nikajua kosa ni langu. Nikanyamaza.

Elifuraha hakukimbia. Akatembea ndani ya ukungu mpaka mpakani, akarudi na jani la isale amelifunga fundo. Kwetu, mwanangu, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata moyo uwe mgumu kama jiwe la mtoni. Akaliweka juu ya jeneza.

"Kaka, nilikukosea. Mpaka nitaurudisha. Shuka ulale."

Injini ikakohoa mara moja, ikazima. Ukasikia matone tu kwenye majani ya migomba. Wallahi sikuwa nimegusa kitu.

Tulipomaliza kuzika, Mzee Elifuraha alinikuta nimejificha na pombe yangu ya mbege.

"Kijana, ile kabureta umeifanya nini?"

"Shikamoo," ndilo neno pekee nililolipata.

"Marahaba. Nimeendesha lori la kahawa mpaka nikazeekea humo. Injini ikichemka na petroli isikatwe, inajiendesha. Nilijua siyo kaka."

"Sasa meku, mzee wangu, mbona uliomba msamaha?"

"Kwa sababu ya mpaka, si kwa sababu ya gari. Lakini wewe ulijua, ukaacha niitwe muuaji. Ulingoja jembe linipate ndipo useme?" Akaliangalia kaburi. "Kilichofanya iendelee nakijua. Kilichoizima pale pale, sikijui. Ukikijua, uje uniambie."

Alikufa sijamwambia. Najua injini hupoa. Lakini ipoe kwenye neno "ulale"?

Salumu naye alinipa yangu, ila yale yalikuwa makofi, siyo nasaha.

Basi mwanangu, ukikuta mpira usiojua unakwenda wapi, ufuate kwa kidole mpaka mwisho kabla hujashika kisu. Kuuliza si ujinga. Na kosa lako likianza kumtafuna mtu mwingine, sema hapo hapo, hata sauti ikitoka kama ya panya. Mficha uchi hazai. Usingoje mwenzako akakuchumie isale.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioganda. Uishi mpaka meno yakuchoke. Na siku utakayorudishwa kihambani, gari lizime mara ya kwanza.